Kopo Ambalo Mwenye Nyumba Hakulionja

Juma lililopita tuliliacha kopo juu ya kigoda, limejaa kasiksi hadi ukingoni, na mkono wa Kamanda Sylvestre umekwama hewani. "Weye unataka kuniua?" alikuwa amemwuliza mwenye nyumba, Rémy.

Wasomaji wangu wa mbali mtasema: kopo moja la pombe ya ndizi, kelele zote hizi za nini? Basi ninyi hamjapata kukaribishwa Uvira. Pale mwenye nyumba akikumiminia pombe, yeye ndiye anayetangulia kuonja. Anapiga funda mbele ya macho yako, anameza, anafuta mdomo, ndipo anakukaribisha. Asipoonja, amekwisha kukuambia kwamba ndani mna kitu.

Na Rémy hakuonja. Rémy, aliyeondoka kwa ngoma mwaka wa hamsini na tisa na kurudi juzi kutoka Ulaya, alimimina, akaweka kopo mbele ya mkuu wa waasi walioushika mji, akasema karibu, kisha akarudi kukaa ndani ya koti lake zito la Brussels. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

Bunduki mbili mlangoni ziliinuka.

Kabla hazijasema neno, Libérate aliruka kutoka mkekani. Mke huyu wa Rémy alilinyakua lile kopo, akapiga funda kubwa mbele ya wote.

"Shemeji, hapana!" alipiga kelele Pontien, mdogo wake Rémy.

Alikuwa amechelewa. Pombe ilikwisha kushuka. Libérate alilirudisha kopo kigodani, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akamtazama Kamanda. Mwanamke kutangulia kunywa mbele ya wanaume ni aibu, na alidhani ndiyo iliyomtoa shemeji yake sauti ile. Mimi nisingalidhani hivyo upesi, lakini yeye alikuwa na mume wa kuokoa.

"Iko muzuri, Kamanda," alisema. "Bwana yangu amesahau desturi. Miaka yote ile alikuwa kule kwa Wazungu. Kule hawaonjaka."

Kamanda Sylvestre alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo. Watu wa Uvira walikwisha kujifunza kuiogopa sauti hiyo kuliko ya wale wanaofoka.

"Mwanamuke anaweza kufa juu ya bwana yake," alisema. "Nimeiona mara mingi. Minye nataka mukono wenye ulimimina, ule njo uonje. Rémy, kunywa."

Rémy alilitazama kopo. Alimtazama mkewe. Kisha akainamisha kichwa.

"Siwezi, Kamanda."

"Huwezi?"

"Siwezi kunywa ile."

Libérate alirudi mkekani. Akaketi. Mume wake amemwona akinywa, hakunyanyua hata kidole. Sasa anaambiwa anywe yeye, hawezi! Basi mle ndani mna nini? Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo, akajiambia ni hofu. Hofu hukausha mdomo, kila mtu anajua.

Pontien aliinuka, akaliacha kopo lake sakafuni. "Kamanda, nakuomba ruhusa. Shemeji iko natetemeka. Acha nimuletee maziwa kwa jirani, atulize moyo."

Kamanda alimpungia mkono aende. Pontien alikuwa mtu wa kila mtu. Tangu waasi waingie, yeye ndiye aliyewatafutia mchele wa Luberizi na ng'ombe wa kuchinja. Hata kibuyu cha kasiksi ya leo alikileta yeye asubuhi kutoka Lubarika, alikokwenda kumsalimu mama mkwe wa Rémy na kumwona Ernestine, mtoto wa Rémy na Libérate. Mtoto amefichwa huko kwa bibi yake mpaka mambo ya bunduki yatulie.

"Haya, mutu wa Ulaya," alisema Kamanda. Alivuta kigoda karibu, kopo likatikisika. "Wakati tunangojea maziwa, tuambie. Wapi iko pazuri? Kule ao hapa?"

Lo! Swali hilo mwulize hasimu wako. Ukisema kule, wewe ni mtu wa Wabelgiji. Ukisema hapa, utaulizwa miaka mitano ulikuwa unatafuta nini kwingine.

Rémy alijaribu kutabasamu. "Kila fasi iko na yake, Kamanda."

"Taja."

"Kule nyumba inapanda juu ya nyumba. Barabara wanaisafisha na sabuni. Mbwa iko na munganga wake."

Wapiganaji wawili walicheka mlangoni. Kamanda hakucheka.

"Na watu?"

"Watu hawasalimianaka. Unaikala mwaka muzima, ukuta wako na wake ni moja, na jina yake hujue. Hapa ukikohoa usiku, asubui mutaa muzima unakuuliza juu ya kifua."

"Na chakula?"

"Mukate." Hapo sauti ya Rémy ilipata nguvu kidogo. "Kila asubui mukate wa moto. Lakini bugali hakuna. Sombe ya muhogo hakuna. Ndagala..." akasita, "ndagala hakuna kabisa."

Tangu juzi Libérate alikuwa ameyasikia hayo. Siku ya kwanza aliyasikiliza kwa fahari, majirani wamejaa uani, kila mmoja akimwonea gere. Siku ya pili alianza kuyasikia kama kokoto kwenye wali. Kila Rémy alipoulizwa jambo la Brussels alilijibu kwa maneno yaleyale, mtoto wa katekisimu asingemshinda. Lakini alipotaja mkate, macho yake yalikuwa ya mtu aliyeushika kweli.

"Na jioni?" Kamanda aliuliza polepole. "Kazi ikiisha, ulikuwa unafanya nini?"

"Jioni nilikuwa natoka inje. Naangalia jua likiingia nyuma ya milima, ng'ambo ya maji. Nasema: saa hii mama Ernestine iko napika."

Maneno hayo hakuwa ameyasema juzi wala jana. Yalimtoka yenyewe.

"Milima," alisema Kamanda.

"Ndiyo, Kamanda."

"Ng'ambo ya maji."

Rémy alijifuta jasho kwenye kola.

"Minye nilifika Brussels," alisema Kamanda Sylvestre kwa ile sauti yake ndogo. "Mwaka wa cinquante-huit, hamsini na nane, kabla ya uhuru. Walituchukua kuimba kwenye maonyesho. Tuliimba nyuma ya uzio, Wazungu wanatuangalia na watoto yao. Mulima nilitafuta, sikuona hata moja. Ile mugini iko imelala sawa vile meza. Sasa weye mulima yako uliitoa wapi?"

Mpenzi msomaji, njia ya mwongo ni fupi, na ya Rémy ilikuwa imefika mwisho wake mbele ya mtu mwenye bunduki.

"Hakufika Brussels huyu," Kamanda aliwaambia wapiganaji wake. "Basi alikuwa wapi? Ku kambi gani? Mutu anayeficha kwenye alikuwa, anamuficha mwenye alimutuma. Mufunge mikono. Mumupeleke kule chini, ku Ruzizi."

Siku zile hakuna aliyeuliza maana ya kupelekwa Ruzizi. Waliopelekwa mtoni hawakurudi kueleza.

Wakati huohuo Pontien aliingia, kibuyu cha maziwa mkononi. Aliona kamba, akaelewa. Hakumwendea kaka yake. Alimwendea Libérate, akampigia magoti.

"Kunywa, mama Ernestine. Kunywa yote."

Libérate alikunywa kidogo, akakiweka kibuyu sakafuni karibu na goti lake. Nani ana koo la maziwa mume wake akifungwa kamba?

"Yote, shemeji. Nakuomba."

"Pontien!" alisema Kamanda. "Weye njo ulisema kaka yako iko Brussels. Ulitutangazia mugini muzima."

Pontien aligeuka, akainua mkono wa kuume. "Kamanda, naapa mbele ya Mungu. Yaya, kaka yangu, alikuwa Brussels. Minye njo nilipokea vifurushi vyake. Kitenge, biskuti, viatu vya mutoto. Alikuwa na Wabelgiji, anakula nao, analala kwao. Hiyo siwezi kuficha, hata kama ni ndugu yangu."

Hapo ndipo Libérate alipomtazama shemeji yake vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Ndugu huyu anaapa kumsaidia nani? Kamanda amekwisha kusema kwamba Brussels ni uongo. Uongo ule ndio unaomfunga Rémy kamba, na Pontien anazidi kuikaza. Tena ni Pontien huyuhuyu aliyekuwa akija na vifurushi. Kila mara baada ya kwenda sokoni Usumbura, mji wa upande wa pili wa ziwa, si posta.

Usumbura.

Akili ya Libérate ilianza kukimbia. Kutoka Uvira huwezi kuona jua likizama ng'ambo ya maji. Hapa jua linatoka majini na kuzama nyuma ya mgongo wako, juu huko kwenye milima ya Lemera, na kivuli kinakuwahi ungali na nguo kwenye kamba. Aonaye jua likizama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima, yuko upande wa pili. Milima anayoiona ni hii ya kwetu.

Kisha jogoo. Jana walipotaka kumla jogoo wa kumkaribisha msafiri, Pontien alimshika kumnyonga. Rémy alimpokonya. Alimlaza mwenyewe, akamgeuza upande, akasema neno chini ya pumzi, akakata shingo. Libérate alidhani ni mambo ya Ulaya. Na alfajiri mbili hizi ameamka na kumkuta mume wake uani, ananawa miguu hadi kwenye vifundo, nyumba nzima imelala.

Na sasa pombe. Rémy wa zamani alikuwa akinusa kasiksi kutoka mtaa wa tatu. Leo hawezi kugusa hata kwa kuokoa shingo yake.

Hakuwa na sumu ya kuficha. Alikuwa na kiapo!

Moyo wa Libérate ulifurahi, kisha ukavunjika, vyote kwa pamoja. Angenyamaza, mume wake angekufa akiitwa mtu wa Ulaya, na yeye angebaki mjane wa heshima. Angesema, mume angepona, na mji mzima ungejua kwamba alikuwa ameachwa na mtu aliyekaa mkabala naye, ng'ambo ya ziwa tu.

Walikwisha kumsimamisha Rémy. Walikuwa mlangoni.

"Kamanda," alisema Libérate. "Munaenda kuua mutu wa bure. Huyu hakufika Ulaya hata siku moja. Alikuwa hapa tu, ku Usumbura. Ku Buyenzi."

"Bongo!" alifoka Pontien. "Uongo mutupu! Hofu imemupanda ku kichwa. Kamanda, mumupeleke tu, mumuache shemeji apumuzike."

Kamanda hakumwangalia. "Endelea, mama."

"Ku Buyenzi njo kwenye Waislamu waikala. Bwana yangu amesilimu. Haonji pombe juu Mungu wake mupya amemukataza, si juu ya sumu. Anachinja kwa kisu, ananawa miguu alfajiri. Na mutu hasilimu Buyenzi juu ya hewa nzuri." Alimgeukia Rémy, na sasa sauti yake ndiyo ilikuwa ndogo. "Uniambie jina ya mwanamuke."

Rémy alikuwa analia. Mtu mzima, ndani ya koti la baridi, kwenye joto la ziwa, analia.

"Libérate, acha nikufe."

"Jina!"

"Asumini," alisema. "Baba yake iko na tanuri ya mukate."

Libérate alikuwa ameliomba lile jina mwenyewe, na bado lilimpiga.

"Bwana Mubelgiji mwenye nilikuwa napikia aliniahidi," Rémy alisema, akitazama sakafu. "Munakumbuka. Ngoma, misa, mbuzi, watu wananisindikiza mupaka barabarani. Tukafika ku uwanja wa ndege pale Usumbura. Akaniambia: ngojea hapa na mizigo. Mizigo ikaingia. Yeye akaingia. Ndege ikaenda. Nilingojea mupaka wakafunga milango. Sasa ningerudi namna gani? Ningewaambia nini wale wenye walinipigia ngoma? Brussels yote yenye nasimulia, ni ya jikoni. Yeye njo alikuwa ananisimulia nikimenya viazi."

"Na ukaikala pale miaka yote, unaona nyumba yako," alisema Kamanda. Kwa mara ya kwanza alikuwa na uso wa mtu anayeuliza kwa kutaka kujua.

"Usiku naona taa za wavuvi wa Uvira, Kamanda. Mvua ikianguka huku, naiona. Ndagala ni zilezile, maji ni yaleyale. Siku moja nilimuona mama mukwe sokoni, nikajificha nyuma ya mifuko ya unga. Unaniuliza wapi iko pazuri? Hapa iko pazuri. Lakini kule haina mutu alinijua nikiwa mutoto. Waliniita Ramazani, na hakuna hata mumoja aliniuliza juu ya nini nimeshindwa. Hiyo tu njo uzuri wa ugeni."

"Ernestine," alisema Libérate, "ndege ikipita juu anatoka inje, anainua mukono. Anaita baba. Minye njo nilimufundisha."

Rémy alifunika uso kwa mikono iliyofungwa. Libérate alimchukia, akamhurumia, akatamani kumpiga kwa kigoda. Yote hayo alikuwa na haki nayo.

Na Kamanda Sylvestre, jamani, alianza kucheka! Alicheka mpaka wapiganaji wake wakacheka, hawajui kwa nini.

"Mukataa kwao ni mutumwa," alisema, akifuta macho. "Lakini mutumwa si mupelelezi. Mupelelezi angekuya na uongo muzuri kuliko hii. Mufungue."

Kamba ilianguka. Libérate alishusha pumzi. Midomo yake ilikuwa inamchomachoma, kama mtu aliyekula pilipili, na leo hakuwa amegusa pilipili.

"Lakini weye Ramazani," Kamanda aliendelea, bado anacheka, "nani alikudanganya ukuye sasa? Tunatafuta watu wa Wabelgiji nyumba kwa nyumba, na weye unaingia na koti ya namna hii!"

"Pontien," alisema Rémy. "Alikuya kuniita. Alisema munaheshimu watu wenye kutoka Ulaya. Koti pia ni yeye aliniletea, ili nisipate haya."

"Ndugu muzuri," alisema Kamanda. Alikuwa na kiu ya mtu aliyecheka sana. "Basi tumalize. Mwanamuke ameonja, iko hai. Inatosha." Akanyoosha mkono kulichukua kopo.

Ndugu mzuri. Maneno hayo yalizunguka kichwani mwa Libérate, na kichwa chenyewe kilianza kuzunguka nayo. Ndugu mzuri, aliyeezeka nyumba yake kaka alipoondoka. Aliyemletea samaki, kuni, chumvi, miaka yote. Aliyekuwa akiambiwa na wazee kila siku ya kilio na ya harusi: usiwe na haraka, kaka asiporudi mke hatoki nje ya ukoo, ndugu yupo. Na muda wote huo ndugu alijua kwamba kaka ni mzima, anaoka mikate Buyenzi, na kwamba maadamu ni mzima yeye hatapata kitu.

Alikaa naye Buyenzi. Alikula kwake. Alijua kwamba Rémy haonji, na kwamba lawama ya kopo ingemwangukia aliyemimina bila kuonja.

Libérate aliangalia sakafu, pale Pontien alipokuwa amekaa kabla ya kwenda kuleta maziwa. Kopo lake lilikuwa pale tangu mwanzo, limejaa, hata povu halijavunjika. Pontien, ambaye kwenye kila kilio ndiye wa mwisho kuondoka kwenye mtungi! Na yeye hakuna Mungu mpya aliyemkataza.

Kisha akaangalia kibuyu cha maziwa. Tangu lini Uvira mtu aliyeshtuka hupewa maziwa? Mtu aliyeshtuka hupewa maji. Maziwa hupewa mtu aliyekula sumu, na kila mama wa ziwani anajua hilo.

Mkono wa Kamanda ulikuwa umelifikia kopo. Libérate alijitupa mbele, akaufunika mdomo wa kopo kwa kiganja.

"Usinywe," alisema. Neno lilimtoka zito, limevimba. "Kamanda, umupe Pontien. Yeye njo alileta kibuyu. Yeye aonje."

Kicheko kilikatika. Macho yote yalimgeukia Pontien.

Hakukimbia. Hakuapa. Alikuwa bado amepiga magoti pale alipomletea maziwa, na hakumtazama Kamanda wala bunduki wala kaka yake. Alimtazama Libérate peke yake.

"Weye haukupashwa kunywa," alisema. "Ile kopo haikuwa yako. Nilikuambia hapana."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Rémy ndiyo kwanza alikuwa ameihisi nguo. Alimrukia mdogo wake kooni na koti lake la Brussels, wakaanguka, wakabingirika mkekani, wapiganaji wakipiga kelele na Kamanda akirudi nyuma na bastola yake.

"Maziwa," alijaribu kusema Libérate. Ulimi haukuitikia. Alipapasa sakafuni karibu na goti lake, huku na huku, kwa vidole ambavyo vilikwisha kuanza kufa ganzi.

Kibuyu kilikuwa kimelala ubavu. Mguu wa mume wake ulikuwa umekipiga teke, na maziwa yote yalikuwa yanatiririka kuelekea mlangoni.